Kazi imepokelewa kwa simu, malipo yamekwama wapi?

JUMANNE na Ijumaa ni siku za soko la Mpondwe, na anayemtafuta mtu wa Bwera siku hizo hana haja ya kwenda kumgongea nyumbani. Ndivyo alivyonipata kijana mmoja wa Kilembe mwaka jana, nikiwa nimepanga mifuko yangu ya kahawa mezani, nabishana bei na mama mmoja aliyevuka kutoka Kasindi. Kijana alisimama pembeni mpaka mteja akaondoka. Akaniamkia kwa adabu, akachukua mfuko mmoja, akaugeuza mbele na nyuma, kisha akauliza: "Mzee, kumbe ile kazi ilikubalika?"

Sikuwa na jibu. Mlima ulio kwenye mfuko ule aliuchora yeye. Maneno ya Kiswahili na Kifaransa yaliyo chini ya mlima aliyapanga yeye. Miezi minne kabla ya siku hiyo nilikuwa nimemwandikia kwa simu kwamba kazi yake haikunipendeza, kwa hiyo tuachane kwa amani, na zile laki mbili zilizobaki asizidai tena.

Nimeamua kuyaandika haya hadharani kwa sababu tumezoea kusikia malalamiko ya upande mmoja tu. Sisi tuliorudi kutoka nje, kila tunapokutana tunasimuliana jinsi tulivyoibiwa. Fulani alituma pesa za kujenga nyumba akawa anatumiwa picha za nyumba ya jirani. Fulani alimlipa mtu wa kumtengenezea tovuti, kesho yake simu haipatikani. Mambo hayo yapo na nitayagusia. Lakini yapo mengine ambayo hatuyasimulii kamwe, nayo ni jinsi sisi wenye pesa tunavyowadhulumu wenye kazi, tena bila kujiona kuwa wezi.

Hebu nieleze ilivyokuwa. Nilirudi Bulembia baada ya miaka saba ya kutunza stoo ya vipuri kule Sharjah. Nilirudi na akiba kidogo na wazo moja: kukaanga na kusaga kahawa ya milimani kwetu, kuifunga katika mifuko ya nusu kilo yenye jina, na kuiuza Kasindi hadi Beni, badala ya kuitoa mbichi kwa wachuuzi kama walivyofanya wazee wetu. Nikiwa bado Sharjah, rafiki alinipa namba ya kijana huyu. Anachora nembo, anapanga lebo, anawafanyia kazi watu wa Kampala, Nairobi na hata Ulaya bila kutoka chumbani kwake. Ni mmoja wa hawa wanaoitwa wafanyakazi huru, wasio na mwajiri mmoja, ambao wanapata kazi, wanaifanya na kuikabidhi kwa mtandao. Nikampigia. Nikamwambia, "Nitengenezee kitu kizuri, bei usijali." Tukakubaliana shilingi laki tatu. Nikatuma laki moja ya kianzio siku hiyo hiyo, nikajiona mtu mkarimu sana.

Hayo "kitu kizuri" ndiyo yalikuwa maelezo yote ya kazi. Ukimwambia seremala akutengenezee meza nzuri bila kutaja urefu, mbao wala idadi ya watu watakaoilia, meza itakayokuja utaikataa tu. Kijana alileta rasimu ya kwanza baada ya siku tatu. Nikasema mlima uwe mkubwa. Ya pili ikaja na mlima mkubwa, nikasema theluji imezidi, Wakongo watadhani ni maziwa ya unga, halafu Kifaransa kiko wapi? Ya tatu ikaja na Kifaransa, nikaipenda. Lakini nikamtumia mke wangu, naye akataka rangi nyekundu. Ikaja nyekundu. Kisha nikabadili ukubwa wa mfuko kutoka nusu kilo kwenda robo, halafu nikarudi nusu. Tulipofika rasimu ya saba wiki sita zilikuwa zimepita. Mimi nimechoka, yeye bila shaka amechoka zaidi, na ujumbe wetu umeanza kuwa na ukali. Nikamnyamazia wiki mbili nzima. Kisha nikaandika ule wa kuachana kwa amani.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Ile rasimu ya tatu nilikuwa nayo kwenye simu. Niliporudi nyumbani nikaipeleka kwa wachapaji, wakanichapia mifuko elfu mbili. Haikutoka vizuri, maana picha ya WhatsApp si faili la kuchapia. Ukiitanua inaingia ukungu kama Rwenzori saa kumi na mbili asubuhi. Nikajiambia heri ukungu kuliko laki mbili. Mteja ananunua kahawa, hanunui mlima.

Pale sokoni ndipo nilipoyajua mengine. Kompyuta ya kwanza ya kijana yule ilikwenda na maji ya Nyamwamba, mafuriko ya Mei 2020 yaliyoingia Kilembe na kuzoa nyumba za watu. Hii anayoitumia sasa aliichukua kwa mkopo dukani, analipa laki moja kila mwezi. Laki mbili zangu zilikuwa mkopo wa miezi miwili. Alipokosa kulipa, mwenye duka aliichukua kompyuta kwa wiki tatu, na katika wiki hizo tatu mteja wake wa Nairobi akatafuta mtu mwingine. Hayo yote alinieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi. Afadhali angenitukana.

Baba yangu alifanya kazi Kilembe Mines enzi za shaba. Uchimbaji ulianza mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese, na watu walikuja kutoka kila pembe. Ndiyo maana mpaka leo Kiswahili hakimshangazi mtu wa Bulembia. Mzee hakuupenda mgodi, na kifua chake hakikuupenda pia. Hata hivyo aliijua tarehe ya mshahara, alijua pesa zinapokelewa dirisha gani, na akikatwa aliona kwenye karatasi amekatwa kwa ajili ya nini. Akipunjwa, wapo wenzake wa kusimama naye langoni. Shughuli zilisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo wazazi wengi wa kwetu wanamwombea mtoto apate kazi yenye mshahara wa mwezi.

Sasa mjukuu wa mchimbaji yule yule anakaa kwenye mteremko ule ule na kompyuta ya mkopo, anafanya kazi ya mtu wa Sharjah ambaye hajawahi kumwona uso. Kazi yake haina dirisha. Akipunjwa hana lango la kwenda kusimama, hana wenzake wa kusimama naye. Ana namba ya simu tu, na namba hiyo anaweza kufungiwa kwa kubonyeza mara moja.

Masoko makubwa ya kazi za mtandaoni yaliliona tatizo hili mapema. Upwork, ambayo ilichukua jina hilo mwaka 2015 baada ya Elance na oDesk kuunganishwa, ina utaratibu ambao mtu wa Mpondwe ataulewa mara moja. Kwa kazi ya bei ya jumla, mwenye kazi anaweka kwanza pesa za hatua inayoanza. Pesa hizo haziendi kwa mfanyakazi, zinashikwa katikati. Mfanyakazi anaona zipo, anafanya kazi moyo ukiwa umetulia. Akiikabidhi, mwenye kazi ana siku 14 za kuikubali au kudai marekebisho. Akikaa kimya siku hizo zikapita, pesa zinaachiwa. Fiverr, iliyoanza mwaka 2010, mteja analipa yote mwanzoni kabisa, na kazi ikishakabidhiwa akakaa kimya siku tatu, inahesabika ameipokea.

Liangalieni vizuri hilo la kukaa kimya. Kwetu kunyamaza ni silaha ya mdaiwa. Hajibu ujumbe, hapokei simu, anasubiri mwenzake achoke. Mimi nilinyamaza wiki mbili nikijua kabisa ninachokifanya. Kule, wiki mbili zangu za kunyamaza zingekuwa jibu tosha: kazi imepokelewa, lipa. Nadhani hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya soko lenye utaratibu na hili letu la kupigiana simu.

Sisemi kwamba masoko hayo ni peponi. Fiverr wanakata asilimia 20 ya pesa ya mfanyakazi. Mwezi Machi 2024, Remotasks, iliyokuwa ikiwapa vijana wengi wa Kenya kazi za kupanga data za kompyuta, ilifunga shughuli zake nchini humo, na watu wakajikuta nje ya akaunti zao. Isitoshe, kwa miaka mingi mtu mwenye akaunti ya PayPal ya Uganda aliweza kutuma na kununua lakini si kupokea, hivyo kijana wa Kilembe aliyefanya kazi ya Ulaya alilazimika kumtafuta shangazi aliye London ampokelee, naye shangazi ana shida zake. Halafu, nani atamwajiri jirani yake kupitia Marekani kwa ajili ya shilingi laki tatu? Bei kama hizo zinamalizwa kwa simu, na zitaendelea kumalizwa kwa simu.

Lakini sisi watu wa mpakani tulikuwa na pesa ya kushikwa katikati kabla Upwork haijazaliwa. Mfanyabiashara wa Butembo akitaka magunia ya samaki wakavu kutoka kwa mtu wa Bwera asiyemjua, hawaanzi kwa kuaminiana. Wanatafuta mtu wa tatu, mara nyingi mbadilisha fedha, au mama mwenye stoo anayejulikana pande zote mbili za daraja la Lhubiriha. Pesa zinahesabiwa mbele yake, zinakaa kwake. Mzigo unavuka, unahesabiwa Kasindi, simu inapigwa, pesa zinatoka. Mama naye anapata kidogo chake. Hakuna aliyeitwa mwizi, na hakuna aliyelazimika kuwa malaika. Hiyo ndiyo amana, na biashara nzima ya hapa imeisimamia kwa miaka mingi, vita ikija, vita ikiondoka.

Kwa nini basi tukishika simu tunaisahau? Mimi nadhani ni mazoea. MTN ilipoleta Mobile Money nchini mwezi Machi 2009, sisi tulioko mbali tuliishukuru kwa sababu moja, kutuma nyumbani. Unamtumia mama pesa ya dawa, mdogo wako karo. Pesa ya namna hiyo ikishatumwa imetumwa, haina masharti, na mpokeaji anasema asante. Tukachukua mkono ule ule wa kutuma msaada tukaugeuza kuwa mkono wa kulipa kazi. Matokeo yake anayeajiri kwa simu anafanya moja kati ya mawili: anatuma zote mapema kama sadaka, au anazishikilia zote kama bosi anayengoja kubembelezwa. Nami nilipomtumia kijana laki moja, moyoni niliona nimemsaidia. Laki mbili zilizobaki nikaziona zangu, na kwamba yeye ndiye anayeniomba.

Anayetuma zote mapema naye namjua. Ni mama anayeuza vitenge, jirani yangu wa meza pale sokoni. Alimlipa mtu shilingi laki sita kwa mkupuo mmoja, ili amtangazie bidhaa zake mtandaoni na kumtengenezea ukurasa wa picha. Bei ilikuwa nzuri, maneno matamu, na kwenye simu kulikuwa na picha za kazi ambazo baadaye ilionekana ni za mtu mwingine. Siku ya tatu simu ikazimwa. Alipokwenda kulalamika aliulizwa, mlikubaliana nini hasa? Hakuwa na kitu ila ujumbe wa muamala, na jina lililokuwa kwenye ule ujumbe halikuwa jina la mtu aliyezungumza naye. Jina hilo lilitokea kwenye skrini kabla hajathibitisha kutuma. Aliliona. Akadhani labda ni la mkewe.

Watu wengi wanaamini mambo ya WhatsApp si mkataba. Si kweli. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inasema mkataba wenye thamani inayozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi, na ujumbe wa kielektroniki unaoweza kuhifadhiwa na kusomwa tena unahesabiwa kuwa maandishi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 nayo haikubali maneno yakataliwe kwa sababu tu yako ndani ya mashine. Kwa hiyo ujumbe wa mistari mitano, "kazi ni hii, bei ni hii, siku ni hii, marekebisho ni mara tatu", na jibu la "nimekubali", ni kitu cha kusimama nacho mbele ya hakimu. Mazungumzo ya simu yaliyopeperuka hayana pa kushika. Mama wa vitenge alizungumza kwa simu, saa nzima.

Na wapo watakaosema, hakimu wa nini kwa laki mbili? Tangu kanuni za mwaka 2011, upo utaratibu wa madai madogo, yasiyozidi shilingi milioni 10. Unamwandikia mdaiwa hati ya madai, unampa siku 14, asipolipa unaingia mbele ya hakimu bila wakili. Mawakili hawaruhusiwi kabisa kusimama pale, jambo ambalo binafsi limenifurahisha. Kijana wangu angeweza kunifikisha huko. Hakujua, na hata angejua, mimi nilikuwa Sharjah wakati huo. Vivyo hivyo kwa mteja aliye upande wa pili. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na bendera zote zinapepea, lakini bado sijamwona mtu aliyevuka Lhubiriha na hati ya madai ya laki mbili akarudi na pesa.

Ndiyo maana nasema amana ni bora kuliko kesi. Kesi inakuja baada ya ugomvi, na amana inauzuia usizaliwe.

Upo na ugomvi mwingine unaozaliwa kwenye sarafu. Mtu wa Kasindi anafikiri kwa dola, mtu wa Kasese kwa shilingi, na faranga za Kongo ziko katikati. Mmekubaliana dola mia moja. Siku ya kulipa, mwenye kazi anaigeuza kuwa shilingi kwa bei ya asubuhi iliyompendeza yeye. Au analeta noti yenyewe, ina mchaniko mdogo pembeni kama ukucha, na mnajua wenyewe Kongo noti ya dola yenye mchaniko inavyotazamwa, kama mgonjwa wa ukoma. Kisha ipo pesa ya kutolea. Laki mbili zinazoingia kwenye simu si laki mbili zinazotoka kwa wakala. Kuna ada ya kampuni, na kuna ile kodi ya serikali iliyoanza Julai 2018 kwa asilimia moja, ikashushwa mwaka huo huo hadi nusu asilimia ya pesa inayotolewa. Ni kidogo, lakini nimewaona watu wazima wakinuniana mwezi mzima kwa sababu ya elfu nne. Andikeni mapema: sarafu gani, bei ya kubadilisha ya siku gani, na ya kutolea ni ya nani.

Siku za kukabidhi nazo zina mambo yake. Wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima, kuanzia jioni ya tarehe 13 hadi tarehe 18, na pesa za simu zikakwama. Aliyekuwa na kazi ya kukabidhi tarehe 15 alichelewa, na si kosa lake. Mteja wa Ulaya ataelewaje, kama halikuandikwa?

Najua wenye pesa wenzangu wataniuliza, je, mteja hana haki ya kukataa kazi mbaya? Anayo. Lakini kazi iliyokataliwa ni kazi inayorudishwa. Haichapwi kwenye mifuko elfu mbili ikavushwa Kasindi. Ukiitumia umeipokea, hata kama ulituma ujumbe wa kuachana kwa amani. Na kama umeikataa kwa haki, basi siku alizofanya kazi kabla ya wewe kubadili mawazo zina bei yake. Mtu hakubadilishii mlima mara saba bure.

Vijana nao wasidhani nawatetea kwa kila kitu. Wengine mnapokea kazi tano kwa wakati mmoja na kumaliza mbili. Wengine mkichelewa mnazima simu, wakati neno moja tu, "naomba siku mbili", lingetosha. Na msimpe mtu picha safi kabla ya malipo. Andikeni jina lenu katikati ya rasimu, likate mlima vipande viwili. Kijana wangu hakufanya hivyo kwa kuwa aliniheshimu kama mzee wake, nami heshima hiyo nikaichapa kwenye mifuko.

Turudi sokoni. Baada ya swali lake tulikwenda kwa mama wa stoo ya samaki, ambaye wengi wa Mpondwe mnamjua. Tulitegemea hotuba, hakutoa. Aliniuliza maswali matatu akiwa anaendelea kufunga gunia. Mlikubaliana shilingi ngapi? Umemlipa ngapi? Mifuko umeuza mingapi? Nikajibu: laki tatu, laki moja, mia tisa. Akasema nilete laki mbili za deni na elfu hamsini za kompyuta iliyokaa dukani wiki tatu, nizihesabu pale mbele yake, zikae kwake. Kijana naye alete lile faili lenyewe la kuchapia, lifunguliwe kwa mchapaji, lionekane halina ukungu. Kabla ya saa kumi jioni faili lilikuwa limefunguliwa, simu imepigwa, pesa zimetoka. Mama alichukua elfu tano kwangu na elfu mbili kwa kijana. Nilipouliza kwa nini zangu ni nyingi alinitazama tu.

Ningependa vyama vya wafanyabiashara wa Mpondwe na Kasese viwatambue watu wawili watatu wa namna hiyo, watakaoshika pesa za kazi za simu kama wanavyoshika za samaki. Si lazima ofisi wala kompyuta. Daftari, simu yenye laini za nchi zote mbili, na jina ambalo halijachafuka. Aliye Dubai au Boston anatuma kwa mama, mama anamwandikia kijana kwamba pesa ipo, kijana anaanza kazi. Mwenye kazi akinyamaza wiki mbili baada ya kukabidhiwa, pesa inakwenda kwa kijana. Hilo la kunyamaza ningelitaka liandikwe kwa wino mwekundu.

Mifuko elfu moja na mia moja yenye ukungu bado iko stoo kwangu. Watoto wanafungia karanga. Mwezi uliopita nilimpa kijana kazi nyingine, lebo ya mfuko wa robo kilo. Laki moja na nusu ziko kwa mama. Kijana aliniandikia ujumbe mfupi: "Mzee, mara hii marekebisho ni matatu." Nikajibu nimekubali. Mawili nimekwisha yatumia, na mke wangu bado anataka nyekundu.